Kumtafsiri Beccaria kwa Kiswahili: shajara ya mradi, wiki ya 1 hadi ya 19

Wiki ya 1

Nimeanza. Kitabu ni *Dei delitti e delle pene*, yaani Makosa na Adhabu, cha Cesare Beccaria wa Milano, kilichotoka mwaka 1764. Ninafuata mpangilio wa toleo la tano, la 1766, lenye sura 47. Nyingine hazizidi nusu ukurasa. Nikipata sura mbili au tatu kwa wiki, miezi mitano itanitosha.

Mchana riziki yangu ni kutafsiri hukumu za mahakama kutoka Kiingereza. Tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, kazi hiyo haiishi. Kitabu nakishika usiku, kuanzia saa tatu, watoto wakishalala.

Kilichonivuta ni sura ya tano, inayohusu sheria zisizoeleweka. Beccaria anasema ni balaa sheria kuwa na giza hadi zihitaji wafasiri, na balaa hilo linazidi pale zinapoandikwa kwa lugha ambayo ni ngeni kwa wananchi, kwa sababu mtu anabaki mikononi mwa wachache wanaoijua. Hawezi kujipimia mwenyewe uhuru wake una mipaka gani. Kadiri watu wengi zaidi watakavyoielewa na kuishika mikononi sheria takatifu ya nchi, anasema, ndivyo makosa yatakavyopungua.

Niliyasoma hayo mara ya kwanza wiki ambayo nilikuwa natafsiri hukumu ya kurasa 22 iliyomfunga mtu miaka kadhaa. Mwenye hukumu alikuwa amekwisha kuanza kuitumikia, na alikuwa hajawahi kusoma hata mstari mmoja wa sababu zake. Nikaona kitabu hiki kinastahili kuwepo kwa lugha ya yule mtu.

Wiki ya 2

Utangulizi na sura tatu za mwanzo zimekamilika katika rasimu. Sentensi yake ya kwanza ni ndefu kama treni ya mizigo. Anasema mabaki ya sheria za taifa la kale la washindi, zilizokusanywa kwa amri ya mfalme aliyetawala Constantinople karne 12 zilizopita, zikachanganywa na desturi za Walombardi, zikafungwa ndani ya majuzuu ya wafafanuzi wasiojulikana, ndizo ambazo sehemu kubwa ya Ulaya inaziita sheria. Mfalme huyo ni Justinian, na washindi hao ni Warumi. Nimeikata sentensi vipande vitatu, kisha usiku wa pili nikaiunganisha tena. Uzito wake unatokana na urefu ule: msomaji anapaswa achoke kuibeba ili ajue mahakimu wa Milano walikuwa wamebeba nini.

Nilijiandikia machache kumhusu ili nimsikie akisema. Alizaliwa Milano tarehe 15 Machi 1738, mtoto wa nyumba ya kimarkizi, yaani ya kikabaila. Akasomeshwa na Wajesuiti mjini Parma, akachukua shahada ya sheria Pavia mwaka 1758. Alipotaka kumwoa Teresa Blasco, baba yake hakukubali, akapata amri ya serikali ya kumzuia kijana nyumbani. Kwa hiyo huyu aliyeandika juu ya kufungwa aliwahi kufungiwa, ingawa kwa baba yake, kitandani kwake, na chakula mezani.

Wazo la kitabu halikuwa lake peke yake. Pietro Verri na mdogo wake Alessandro walikuwa na kikundi cha vijana walichokiita Accademia dei Pugni, Chuo cha Ngumi, kwa jinsi walivyokuwa wakibishana. Alessandro alikuwa na wadhifa wa kuwatetea wafungwa, akiingia magerezani na kutoka na habari. Mchana walizungumza wakitembea, jioni Beccaria akakaa kuandika nyumbani kwa akina Verri. Pietro anasimulia kwamba uandishi ulimchosha sana, baada ya saa moja alikuwa hawezi tena. Pietro ndiye aliyemsukuma, na ndiye aliyenakili rasimu kwa mkono wake. Kitabu kikapigwa chapa Livorno, mbali na nyumbani, bila jina la mwandishi. Alikuwa na miaka 26.

Barua aliyomwandikia mfasiri wake wa Kifaransa, André Morellet, ina maneno nitakayoyaweka kwenye dibaji: alitaka kuutetea ubinadamu bila kuwa *martire* wake. Kwa Kiswahili neno ni shahidi. Lakini shahidi kwetu ndiye yule aliyeufia ukweli, na ndiye pia anayesimama kizimbani kuusema. Katika kitabu cha mahakama maana hizo mbili zitagongana. Nimeandika: "nilitaka kuutetea ubinadamu bila kuufia".

Wiki ya 4

Neno moja limenila siku nne: *reo*.

Kwa Kiitaliano cha Beccaria, *reo* ni aliyetenda kosa, na ni huyohuyo anayeshukiwa kulitenda. Mahakama za zama zake zilimkamata mtu zikamwita *reo*, zikamtesa ili athibitishe jina aliloshapewa. Beccaria mwenyewe analitumia kwa maana zote mbili, hadi anapofika sura ya 16 na kulikamata kwa koo: mtu hawezi kuitwa *reo* kabla ya hukumu ya hakimu.

Kiswahili kinatenganisha. Tuna mtuhumiwa, mshtakiwa, mahabusu, mkosaji, mfungwa, na kila mmoja ana mahali pake katika safari ile. Nikiandika "mkosaji" kila anapoandika *reo*, namhukumu mtu mapema. Nikiandika "mshtakiwa" kila mahali, sentensi ile ya sura ya 16 inapoteza makali, kwa sababu msomaji atauliza ni nani aliyewahi kumwita vingine.

Uamuzi: hadi sura ya 15 natumia "mkosaji" hata pale ambapo mtu bado anashukiwa tu, kama wao walivyosema. Kuanzia sentensi ile natenganisha. Msomaji atahisi amekuwa akimwita mtu mkosaji kwa kurasa 30 bila kujiuliza. Tanbihi moja itaeleza, hapohapo kwenye sura ya 16, wala si kabla.

Nilimsomea mjomba simuni. Mjomba wangu ni askari magereza mstaafu, miaka 31 kazini, sasa anakaa Tanga. Alinyamaza kidogo, akasema: "Mpwa wangu, mtaani wanasema mwizi. Hawasemi mtuhumiwa wa wizi. Ukishaitwa mwizi sokoni, huna muda wa kufika kwa hakimu." Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari. Nitayarudia nikifika sura ya mwisho.

Wiki ya 6

Sura ya 16, mateso. Ndiyo sura niliyoiogopa, na imetoka vizuri kuliko zote hadi sasa.

Hoja yake ni ya mtu anayefanya hesabu huku ameuma meno. Kosa ama limethibitika au halijathibitika. Kama limethibitika, adhabu yake ipo kwenye sheria, na mateso hayana kazi. Kama halijathibitika, unamtesa mtu asiye na hatia, kwa kuwa mbele ya sheria ndivyo alivyo. Kisha anatoa fumbo kama la mwalimu wa hesabu: ikiwa imejulikana nguvu ya misuli na wepesi wa neva za mtu asiye na hatia, tafuta kiwango cha maumivu kitakachomfanya akiri kosa fulani. Mateso, anamaliza, ni njia ya uhakika ya kuwaachia waovu wenye miili imara na kuwatia hatiani wanyonge wasio na kosa.

Kuna jambo analionyesha ambalo sikuwahi kulifikiri. Asiye na hatia ana hasara pande zote: akikiri atahukumiwa, akivumilia ataachiwa ilhali ameshaadhibiwa bila kosa. Mwenye hatia ana tumaini la faida, maana akivumilia ameponyoka na kosa lake. Chombo cha kutafutia ukweli kinamnyima nafasi yule mmoja ambaye mahakama ilipaswa kumlinda.

Milano walikuwa na ushahidi wa hili mitaani kwao. Mwaka 1630, wakati wa tauni, mwanamke mmoja alichungulia dirishani asubuhi akamwona mtu anapita akipangusa mkono ukutani. Alikuwa Guglielmo Piazza, mtumishi wa idara ya afya ya mji. Mji uliokuwa unazika watu kila siku ukaamini kuna wanaopaka sumu kwenye kuta. Piazza akateswa, akaahidiwa kuachiwa akitaja wenzake, akamtaja kinyozi, Gian Giacomo Mora. Mora akateswa, akakiri. Maumivu yalipokwisha akasema alichokiri ni uongo. Alipotishiwa kurudishwa kwenye mateso, akakiri upya. Wote wawili waliuawa kikatili. Nyumba ya Mora ikabomolewa, na mahali pake ikasimamishwa nguzo ya aibu ili asijenge mtu pale milele.

Nguzo hiyo ilikuwa bado imesimama Beccaria alipokuwa anaandika. Mtu wa Milano aliweza kuiona akienda sokoni. Iliondolewa mwaka 1778. Pietro Verri aliandika kitabu kizima juu ya kesi hiyo, na baadaye Alessandro Manzoni, mwana wa Giulia, binti yake Beccaria, naye akaandika chake. Babu aliandika hoja, mjukuu akaandika majina.

Kuhusu neno: *tortura* nimeiita "mateso" kwenye kichwa na "kumtesa" kwenye maelezo. Nilijaribu "utesaji", likaninukia ofisini. Mateso ni neno ambalo bibi yangu angelielewa.

Wiki ya 8

Hakuna kazi. Homa nyumbani, watoto wawili kwa mpigo.

Wiki ya 9

Nimekwenda Tanga Ijumaa na rasimu za sura ya 17 hadi ya 20 ndani ya bahasha. Mjomba anasoma kwa miwani iliyofungwa uzi sikio moja, akifuatisha mstari kwa kucha ya kidole gumba. Nilimpa sura ya 19, juu ya adhabu kutokawia. Nikaenda jikoni kumsaidia shangazi, na niliporudi alikuwa bado yupo ukurasa wa kwanza.

Mahali alipokwama ni hapa: "Kuna ukatili gani upitao huu, uzembe wa hakimu na mahangaiko ya mshtakiwa? Raha na starehe za mwamuzi asiyeguswa upande mmoja, na upande mwingine machozi na uchafu wa mfungwa?"

"Huyu alikuwa askari?" akaniuliza.

"Hapana mjomba. Alikuwa mtoto wa tajiri."

"Basi alikuwa na mtu wa ndani."

Kweli, alikuwa naye: Alessandro Verri.

Ndipo akanisimulia. Asubuhi wanahesabiwa wanaokwenda mahakamani, wanapanda karandinga. Alasiri wanarudi, wanahesabiwa tena getini, na yeye akiwa zamu alikuwa na desturi ya kuwauliza mmoja mmoja, vipi? Jibu lilikuwa moja: "Upelelezi bado, afande." Kulikuwa na kijana aliyeletwa kwa tuhuma ya kuiba baiskeli. Aliingia na shati jeupe la shule, mikono yake ikifika hadi vifundo vya mikono. "Niliijua kesi yake kwa lile shati," mjomba akasema. "Kila nikimpokea getini mikono imepanda. Siku alipoachiwa ilikuwa imefika huku." Akajigusa chini kidogo ya kiwiko. Aliachiwa kwa kuwa mlalamikaji aliacha kutokea. Hakuna aliyesema ameiba, hakuna aliyesema hajaiba.

Beccaria anasema kunyimwa uhuru ni adhabu, kwa hiyo hakuwezi kutangulia hukumu ila pale haja inapolazimisha, na kuwe kwa muda mfupi kadiri iwezekanavyo na kwa ugumu mdogo kadiri iwezekanavyo. Sababu yake nyingine ni ya namna akili ya mtu inavyofanya kazi. Adhabu inapofuata kosa kwa karibu, mawazo hayo mawili yanashikana vichwani mwa watu, moja likionekana ni chanzo na la pili ni matokeo. Inapokawia, adhabu inakuwa kitu cha kutazamwa tu, kisicho na uhusiano na kosa ambalo watu wameshalisahau. Yule kijana alitumikia kitu ambacho hakina hata jina la kosa.

Neno *prigioniero* katika sentensi ile nilikuwa nimeliandika "mfungwa". Mjomba alichukua kalamu ya shangazi ya hesabu za duka, akalikata, akaandika juu yake "mahabusu". Nimeliacha kwa mwandiko wake kwenye nakala yangu.

Wiki ya 11

Sura ya 22, wizi. Fupi, na inauma. Wizi usio na nguvu, anasema, kwa kawaida ni kosa la ufukara na kukata tamaa, kosa la watu ambao haki ya kumiliki mali, haki ya kutisha na pengine isiyo ya lazima, haikuwaachia ila uhai mtupu. "Pengine isiyo ya lazima"! Mwana wa markizi, mwaka 1764. Mmonaki Ferdinando Facchinei alipokishambulia kitabu mwaka 1765, neno moja alilowarushia watu wa namna hii lilikuwa *socialisti*, kabla neno hilo halijapata maana tunayoijua. Mwaka uliofuata, 1766, kitabu kikaingizwa kwenye orodha ya Vatikani ya vitabu vilivyopigwa marufuku.

Anapinga faini kwa mwizi maskini: itawanyang'anya mkate wasio na kosa kwa kumnyang'anya mkosaji. Wengi tunazifahamu nyumba ambazo faini ya baba ililipwa kwa mbuzi wa mama.

Wiki ya 13

Sura ya 27 imekwisha. *Dolcezza delle pene*. *Dolcezza* ni utamu, lakini adhabu haiwi tamu kwa Kiswahili hata kwa mshairi. Nimeandika "Upole wa adhabu".

Kitu ninachotaka msomaji akione hapa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuja na dhana tofauti: Beccaria hasemi wahalifu waonewe huruma. Anasema breki kubwa ya uhalifu ni uhakika wa adhabu, na ukali hauko hata karibu. Adhabu ndogo ambayo hakuna namna ya kuikwepa inatia hofu kuliko adhabu kubwa iliyochanganyika na tumaini la kuponyoka. Kadiri adhabu inavyozidi ukatili, mtu anathubutu zaidi ili aikwepe, anafanya makosa mengine kulificha la kwanza. Na roho za watu, anasema, hufuata kipimo cha vitu vinavyozizunguka, zikasugika na kuwa ngumu. Baada ya miaka 100 ya kuvunja watu kwenye gurudumu, gurudumu halitishi kuliko gereza lilivyotisha mwanzoni.

Wiki ya 14

Sura ya 28, adhabu ya kifo. Ni ndefu, na nimeigawa nusu mbili.

Nusu ya kwanza ilikuja kama maji. Ni upuuzi, anaandika, kwamba sheria, zinazochukia na kuadhibu mauaji, zenyewe zinaua, na ili kuwazuia raia wasiue zinaamuru mauaji ya hadharani. Humohumo anampa mwizi kinywa: "Ni sheria gani hizi nitakiwazo kuziheshimu, zinazoacha umbali mkubwa hivi baina yangu na tajiri? Nani amezitunga? Watu wenye mali na nguvu, ambao hawajapata kukubali kuingia vibanda vichafu vya maskini, ambao hawajapata kugawana mkate wenye ukungu katikati ya vilio vya watoto wenye njaa na machozi ya mke." Nilishawishika kuandika ugali badala ya mkate. Nikaacha. Ni mtu wa Lombardia anayesema, na njaa yake inaeleweka bila kubadilishiwa sahani.

Nusu ya pili imenisimamisha. Badala ya kifo, Beccaria anapendekeza *schiavitù perpetua*. Neno kwa neno: utumwa wa maisha.

Wafasiri wengi wa lugha nyingine wanaandika kifungo cha maisha, au kazi ngumu. Ndivyo nilivyofanya na mimi usiku wa kwanza, "kifungo cha maisha na kazi ngumu", na ikasomeka vizuri sana. Ndiyo ikanitia shaka. Nikarudi kwenye Kiitaliano. Anamtaja mtu aliyekuwa mnyama wa kazi, anayeilipa kwa jasho lake jamii aliyoikosea. Anataja pingu, minyororo, fimbo, nira, kizimba cha chuma. Anasema mtu aliyekata tamaa hamalizi hapo taabu zake, bali anazianza. Anahesabu kabisa kwamba mateso haya yaliyotawanywa maisha mazima yanamtisha mtazamaji kuliko dakika moja ya kifo, na kwamba hiyo ndiyo faida yake.

Mimi ni mtu wa pwani. Neno utumwa kwetu halitoki kamusini. Bagamoyo, kwenye makumbusho ya misheni ya Wakatoliki, minyororo ipo, unaweza kuona kipenyo cha shingo. Mwaka 1776, miaka 12 tu baada ya kitabu hiki, Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1000 kila mwaka. Wakati Voltaire na wanafalsafa wenzake wa Ufaransa wanasoma Beccaria na kumshangilia, meli za Ufaransa zilikuwa zinapakia Kilwa watu ambao hawakuwa wamemkosea mtu, na hapakuwa na sura ya 19 kwa ajili yao.

Kwa hiyo nimerudisha neno lake. "Utumwa wa maisha", kila mahali alipoliandika. Nikilifunika kwa "kifungo", nitakuwa nimempa msomaji wa Kiswahili Beccaria aliyeoshwa. Huyu mtu aliuona ukatili wa jukwaa la kunyongea kwa macho makali kuliko karibu wote wa zama zake, na kwenye utumwa hakusita. Mwenye lugha yenye kumbukumbu hii ana haki ya kuliona hilo kwa macho yake.

Mjomba hakukubaliana nami. "Utawakatisha tamaa wasome," alisema. Tulibishana hadi salio lake likaisha.

Wiki ya 16

Nimesogea hadi sura ya 41, kuzuia makosa kuliko kuyaadhibu: sheria ziwe wazi na nyepesi, ziogopwe zenyewe wala si watu. Imetafsirika kwa siku mbili bila shida.

Pembeni nimekuwa nikiandika dibaji, na kuna tukio ambalo nalipa ukurasa mzima. Baada ya umaarufu wote, Beccaria alirudi kimya. Paris, Oktoba 1766, walimsubiri kama nabii, naye akashikwa na hamu ya nyumbani, akaondoka mapema na kumwacha Alessandro Verri hukohuko. Catherine wa Urusi, ambaye alichota vifungu vyake kwa wingi kwenye Maagizo yake ya 1767, alimwita, hakwenda. Akachukua kazi ya ualimu wa uchumi Milano, kisha akawa mtumishi wa serikali ya Austria. Wengine wanasema aliishiwa.

Lakini mwaka 1792 alikuwemo kwenye tume ya kurekebisha sheria za jinai za Lombardia. Wengi kwenye tume walitaka adhabu ya kifo ibaki. Watu watatu walitia saini maoni tofauti: Francesco Gallarati Scotti, Paolo Risi, na Beccaria. Sababu mojawapo waliyoitoa ni ile ambayo kwenye kitabu cha ujana wake hakuipa uzito: adhabu ya kifo haina marekebisho. Ushahidi wa binadamu una makosa, na ukimuua mtu kwa kosa, hakuna mlango wa kurudi. Miaka 28 baada ya kitabu, mzee wa miaka hamsini na ushee ameongeza hoja, akiwa upande wa wachache. Alikufa miaka miwili baadaye, tarehe 28 Novemba 1794. Toscana ilikuwa imekwisha kuifuta adhabu hiyo mwaka 1786, chini ya mtawala wake Leopold. Milano yake, bado.

Wiki ya 19

Sura ya 47. Ni fupi mno, na ndiyo iliyochukua wiki nzima. Anakusanya kitabu chote katika sentensi: ili adhabu isiwe ukatili wa mmoja au wa wengi dhidi ya raia mmoja, sharti iwe *pubblica, pronta, necessaria*, ndogo kuliko zote zinazowezekana katika hali iliyopo, inayolingana na makosa, iliyoamriwa na sheria. Yale matatu ya mwanzo ni mitego mitupu.

*Pubblica*. "Ya hadharani" inaleta picha ya mtu anachapwa viboko uwanjani. Yeye anadai kesi iendeshwe watu wakiona, na ushahidi pia. Nimeandika "ya wazi".

*Pronta*. "Ya haraka"? Kiswahili hakiiamini haraka, kimeinyima baraka tangu zamani. Na hapa nikakumbuka maneno ya mjomba ya wiki ya nne. Hakuna adhabu ya haraka kama ya sokoni, ile ambayo magazeti yanaiandika kila mara kwa maneno yaleyale, wananchi wenye hasira kali. Huo ndio "ukatili wa wengi" ambao sentensi hii inaukataa. Nimeandika "isiyokawia", inayokuja kwa wakati wake baada ya kesi.

*Necessaria*. Huu ndio mtego uliokaribia kuninasa. Nilikuwa nimeandika "ya lazima" tangu rasimu ya kwanza bila kufikiri. Lakini kwenye hukumu ninazotafsiri mchana, adhabu ya lazima ni ile ambayo sheria inamfunga hakimu aitoe, hana hiari: ukitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inataja kifo tu. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa ulazima wa aina hiyo mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika kule Arusha ikaikuta Tanzania na makosa kwa huohuo mwaka 2019. Kumwandikia Beccaria "adhabu sharti iwe ya lazima" ni kumtilia kinywani kinyume cha kitabu chake. Nimeandika "inayohitajika kweli".

Ilivyo sasa:

"Ili adhabu yoyote isiwe ukatili wa mtu mmoja au wa watu wengi dhidi ya raia, ni sharti iwe ya wazi, isiyokawia, inayohitajika kweli, iliyo ndogo kuliko zote zinazowezekana katika hali iliyopo, inayolingana na kosa, na iliyoamriwa na sheria."

Bado tanbihi 14, na kupitia upya sura ya 29 hadi ya 40 ambazo nilizikimbiza. Wakili mmoja rafiki yangu anasoma rasimu yote kuanzia Jumatatu. Mjomba amepiga simu jana: suala la utumwa amelitafakari, anasema niliache kama nilivyoliandika, ila anataka nakala ya sura ya 19 peke yake, herufi kubwa, kurasa zibanwe pamoja, ampelekee mwenzake waliyekuwa naye getini. Nimeipanga kwa ukubwa wa 18. Kwenye mstari ule nimeweka neno lake, mahabusu, na kesho asubuhi bahasha inaondoka na basi la Tanga.